Breki za Impreza WRX ya zamani: kufunga Brembo za STI au kufufua zilizopo?

Ukitoka Iringa kurudi Dar es Salaam, ukishaipita Ilula barabara inakukabidhi kwa Kitonga. Mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono mwingine korongo, na mbele yako lori lililoshiba mzigo linatambaa. Hapo ndipo breki za Subaru Impreza WRX yangu ya 2002 ziliponisemesha. Nilikuwa nimekaa na gia ya tatu na kuziachia breki kazi yote, nikigusa, nikiachia, nikigusa tena. Kwenye kona mojawapo pedeli ilizama kama mguu umekanyaga godoro. Nikapampu mara tatu, ikapanda kidogo. Nikashusha gia hadi ya pili, na nikafika Ruaha Mbuyuni shati limelowa mgongoni.

Mdogo wangu, mwenye WRX ya 2003 inayofanana na yangu kwa karibu kila kitu, alinipa jibu ambalo wapenzi wengi wa Subaru wangekupa: "Kaka, funga Brembo, tumalize maneno." Yeye alifunga. Alinunua kalipa za mtumba, vile vyuma vyenye pistoni vinavyobana pedi kwenye diski, za kampuni ya breki ya Brembo, zilizotoka kwenye STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi, mbele na nyuma. Mimi nilibaki na kalipa za kiwandani, nikabadilisha kila kinachochakaa kuzizunguka. Huu ni mwaka wa tatu. Magari yote mawili nimeyaendesha kwenye barabara zilezile, na yote mawili nimeshika spana wakati wa kuyatoa upepo, yaani kuondoa hewa kwenye mabomba ya breki. Kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa nimeyaona.

Kwanza ujue ugonjwa

Breki haziliui joto, zinalitengeneza. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki zinapokea nishati ya takriban jouli 540,000. Gari hilohilo likishuka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo, linaachia karibu jouli milioni 1.4, yaani kama kusimama ghafla mara mbili na nusu. Injini ikikusaidia kwa gia ndogo, sehemu ya nishati hiyo inaishia kwenye injini. Usipoipa nafasi hiyo, karibu yote inaingia kwenye diski, kutoka diski inapita kwenye pedi, kutoka pedi kwenye pistoni, na mwisho kwenye mafuta ya breki.

Kuna magonjwa mawili ya joto, na dalili zake hazifanani. Pedeli ikiwa ngumu, juu palepale ilipozoea, lakini gari halishiki, pedi zimezidiwa. Pedeli ikilainika na kuzama, mafuta yamechemka: yamegeuka mvuke ndani ya kalipa, na mvuke unabonyea. Yangu ilizama. Tulipofungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, ndani kulikuwa na kitu cheusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Sijui mwenye gari wa kabla yangu aliyabadilisha lini, kama aliwahi.

Ningefunga Brembo juu ya mafuta yale, pedeli ingezama vilevile. Ingechelewa kona moja au mbili tu.

Vyuma kwa vyuma

Kabla ya kulinganisha, vua tairi la mbele uangalie una nini. WRX nyingi za miaka hiyo zilizotoka Japani zina kalipa ya pistoni nne iliyotengenezwa kwa jina la Subaru wenyewe, pistoni mbili kila upande wa diski. Nyingine, na hasa zilizouzwa Marekani, zina kalipa ya kuteleza yenye pistoni mbili upande mmoja. Diski katika hali zote mbili ni ya milimita 294, unene 24. Kama una ile ya kuteleza, ipo njia ya katikati ambayo watu wanairuka bila sababu: tafuta kalipa za pistoni nne za Subaru. Zinakaa kwenye matundu yaleyale, zinatumia diski ileile, na zinaingia ndani ya rimu ya inchi 16. Kwa fedha ni sehemu ndogo tu ya gharama ya Brembo.

Brembo ya STI ya kizazi hicho ni kitu kingine. Mbele ina pistoni nne na diski ya milimita 326, unene 30. Nyuma ina pistoni mbili na diski ya 316. Hizo milimita 32 za ziada mbele zinafanya mambo mawili. Pedi inashika mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, kwa hiyo nguvu ileile ya mguu inazuia zaidi. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni wingi wa chuma. Diski nene ni sufuria nene: inachukua muda mrefu kupata moto, na nafasi ya katikati yake inapitisha hewa nyingi zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana wapi? Si pale watu wanapodhani. Mimi na mdogo wangu tulifunga matairi ya aina moja na saizi moja, tukaenda kwenye kipande cha lami kilichonyooka alfajiri hakuna gari, tukajaribu kusimama kutoka mwendo mmoja. Kwenye kusimama kwa kwanza hukuweza kusema gari lipi ni lipi. Inavyotakiwa ni hivyo: breki zangu zina nguvu ya kutosha kuamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga kwa nguvu, na ABS ikishaamka, anayelisimamisha gari ni tairi, si kalipa. Tulipofika mara ya tano na ya sita mfululizo, yangu ilianza kudai mguu mzito zaidi na harufu ikaanza. Yake ilikuwa bado kama asubuhi.

Kwa hiyo Brembo unanunua uvumilivu. Kama unakimbia mashindano ya kupimana muda, au unashuka Lushoto kwenda Mombo ukiendesha kwa kasi kona baada ya kona, uvumilivu huo utautumia. Kama safari zako ni Mbezi na Posta, na Moshi wakati wa Krismasi, umenunua kitu kizuri ambacho hakitaitwa kazini.

Gari hili tulilipenda kwa sababu ya rali. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns mwaka 2000. Lakini hata magari yale hayakufunga breki kubwa kila mahali. Kwenye barabara za vumbi yalitumia rimu ndogo na diski ndogo. Zile kubwa zilingoja mashindano ya lami. Walichagua breki kwa kuangalia barabara.

Yanayokuja na Brembo ambayo muuzaji hatakuambia

Mdogo wangu alihesabu bei ya kalipa. Hakuhesabu mkia wake.

Rimu zake za inchi 16 ziliwekwa kando siku hiyohiyo, maana Brembo inataka inchi 17, na si kila inchi 17. Mikono ya rimu ikiwa imejikunja kuelekea ndani, inagusa kalipa. Jaribu rimu kabla hujalipa, na uizungushe duara zima kwa mkono.

Kisha matundu ya boliti. WRX na STI za hadi modeli ya 2004 zina boliti tano kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia modeli ya 2005 zilihamia 114.3. Kalipa za mwaka wowote kati ya hiyo zitakufaa, ila diski za kuanzia 2005 hazitakufaa. Tumewahi kushuhudia mtu akitoka kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, na diski mbili nzito mikononi, akazirudisha kesho yake kwa sababu hiyo.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Handbreki ya magari haya ni dramu ndogo iliyo ndani ya diski ya nyuma. Kwenye WRX dramu hiyo ni milimita 170, kwenye STI ni 190. Ukivisha diski ya STI juu ya viatu vya handbreki vya WRX, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, handbreki haikamati kitu. Ama ubadilishe bamba la nyuma na viatu vyake vyote, ama upate diski maalumu yenye kipenyo cha STI nje na dramu ya 170 ndani. Fundi alipomweleza hivyo mdogo wangu, akataka kufunga za mbele peke yake kwanza. Nilimkatalia. Za mbele peke yake zinaingia bila shida, na masta silinda ya WRX, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, inazimudu, lakini uwiano unahamia mbele: magurudumu ya mbele yanafika ukomo wa tairi mapema, ya nyuma yanabaki yakitembea tu. Wapo wanaoendesha hivyo miaka na miaka. Mimi nisingependa, hasa kwenye lami yenye mvua.

Na tairi la akiba. Lile jembamba lililokuja na WRX halivuki kalipa ya Brembo ya mbele. Ukipata pancha ya mbele usiku pale Mikumi, itabidi utoe tairi zima la nyuma ulipeleke mbele, kisha la akiba uliweke nyuma. Huko Mikumi usiku hupendi kushuka hata mara moja, achilia mbali kupiga jeki mara mbili.

Kalipa za mtumba zenyewe zikaguliwe kama unanunua ng'ombe. Sukuma pistoni kila moja kwa klampu: ikigoma au ikirudi kwa kukwama, ndani kuna kutu au uchafu. Tazama raba za vumbi. Fungua nipo, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo, uone kama nyuzi zake bado nzima, maana nyuzi zikishakatika kwenye alumini umenunua chuma chakavu chenye rangi ya dhahabu. Weka akiba ya fedha kwa ajili ya sili mpya hata kama zinaonekana nzuri. Na tafadhali, usinunue yale makava ya plastiki yenye jina la Brembo yanayobandikwa juu ya kalipa ya kawaida. Yanafunika joto mahali pasipotakiwa kufunikwa.

Seti kubwa zaidi za pistoni sita na diski za milimita 350 zipo pia. Kwa gari la barabarani la umri huu siwezi kuzitetea.

Upande wangu: kufufua

Nilinunua diski mpya nne, za kawaida, zisizo na matundu. Diski zenye matundu zinapendeza, lakini zikipata moto mkali nyufa huanzia kwenye tundu. Zenye mistari ni afadhali, ila kwa matumizi yangu sikuona sababu ya kuzilipia.

Pedi ndizo zilizobadilisha gari kuliko kitu kingine chochote nilicholipia. Hapa kuna mtego. Pedi za mashindano zinashika vizuri zikiwa na moto. Zikiwa baridi, kama asubuhi unapotoka getini na mtoto anakatiza barabara, zinashika vibaya kuliko za kawaida. Pia zinapiga kelele na kula diski. Chukua pedi za barabarani za daraja la juu, zile zenye chembe za chuma ndani, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana na muuzaji unayemwamini, kwa sababu pedi bandia zimejaa na boksi lake linafanana na la kweli. Ukishafunga, zizoeshe: punguza mwendo kutoka kama 80 hadi 20 bila kusimama kabisa, mara nane hadi kumi, kisha endesha dakika kadhaa bila kugusa breki zipoe. Usisimame ukashikilia pedeli diski zikiwa na moto. Pedi itaacha alama yake kwenye diski na usukani utatetemeka.

Hozi za raba za kiwandani zilikuwa na umri wa gari. Raba ya zamani ina tabia mbili mbaya. Inavimba ukikanyaga, kwa hiyo sehemu ya mguu wako inaishia kupanua bomba. Au inaoza kwa ndani, kipande kinaning'inia kama ulimi, kinaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Gurudumu linabaki limekamatwa na watu wanalaumu kalipa. Nilifunga hozi zilizosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Pedeli ilipanda na kuwa fupi. Mdogo wangu alibakiza raba kwanza, akabadilisha baada ya kuendesha gari langu.

Ukijumlisha vyote hivyo, bei haikufika nusu ya aliyotumia yeye mpaka rimu na matairi. Nikiwa na gia ya pili Kitonga, sijawahi tena kuona pedeli ikishuka.

Mafuta ya breki: DOT ipi?

Lugha yetu inayaita mafuta, na jina hilo limeharibu magari. Vitu vya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki) vina asili ya glaikoli, ndugu wa kemikali za kupozea injini, na havihusiani na oili. Mtu akijazia oili ya injini au ya gia kwa kuwa "yote ni mafuta", sili zote za raba kutoka masta silinda hadi kalipa zinavimba na mfumo mzima unakuwa wa kubadilishwa.

Kiwango cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni nyuzi 205 kwa DOT 3, 230 kwa DOT 4, na 260 kwa DOT 5.1. Namba ya kuitazama zaidi ni ile ya mafuta yaliyokwisha kunywa maji: 140, 155 na 180. Glaikoli inavuta unyevu kutoka hewani, inaupata kupitia raba na kifuniko, na sisi wa pwani tunaishi ndani ya unyevu. Mafuta ya DOT 3 yaliyozeeka yanaweza kuchemka nyuzi chache tu juu ya pale yanapochemka maji ya injini yaliyo chini ya shinikizo. Hicho ndicho kilichonikuta.

Kati ya DOT 4 nzuri na DOT 5.1, kwa gari la kila siku mimi nachukua DOT 4 na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili bila kungoja rangi ibadilike. DOT 5.1 ina faida ya nyuzi, na unaweza kuichanganya na DOT 4. Ya mashindano, yenye kuchemka zaidi ya nyuzi 300, ni nzuri kwa anayeibadilisha mara kwa mara. DOT 5 isiyo na nukta moja ni silikoni: hiyo iache dukani. Haichanganyiki na hizi nyingine na haifai gari lenye ABS.

Nunua chupa iliyofungwa. Ile iliyobaki nusu kwenye kabati la gereji tangu mwaka jana imeshakunywa maji. Na ukimwaga tone kwenye bodi, mwagia maji mengi papo hapo, la sivyo rangi inavimba na kubabuka.

Kutoa upepo: njia nne

Hapa magari mawili yanakuwa sawa. Brembo au ya Subaru, kazi isipofanyika vizuri hapa, fedha yote imepotea.

Njia ya watu wawili ndiyo inayojulikana: mmoja chini na spana, mmoja kwenye pedeli. "Kanyaga... shikilia!" Fundi anafungua nipo robo duara, mafuta yanatoka, anafunga. "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani, na mnaanza upya. Inagharimu mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa ya maji ya kunywa. Ncha ya mpira izame ndani ya mafuta safi yaliyo chini ya chupa, ili ikivuta ivute mafuta, isivute hewa. Utamu wa njia hii ni kuona. Kwanza yanakuja meusi, kisha povu dogodogo kama la soda, halafu ghafla pumzi moja kubwa inakohoa kwenye mpira, na baada yake yanafuata ya rangi ya asali, bila hata tone la hewa. Mguu unaihisi kabla jicho halijaiona: pedeli inakutana na kitu kigumu.

Ila kwa gari la miaka zaidi ya 20 njia hii ina hatari ambayo fundi wa haraka haisemi. Ndani ya masta silinda, sili zimekuwa zikitembea sehemu ileile kwa miaka yote. Mbele ya sehemu hiyo kuna uchafu na kutu. Ukikanyaga hadi sakafuni unazisukuma sili huko, zinachanika, na gari lililoingia na pedeli laini linatoka halina pedeli kabisa. Nimeliona hilo kwa gari la jirani yangu. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli, unene wa kiganja, isifike chini. Ni ubao tu, na umeokoa masta silinda.

Njia ya kuvuta, kwa pampu ya mkono inayofyonza kwenye nipo, unaifanya peke yako. Ubaya wake ni kwamba inavuta hewa kupitia nyuzi za nipo yenyewe, kwa hiyo mapovu hayaishi na hujui yapi ni ya ukweli. Naitumia kunyonya mafuta machafu kutoka kwenye tangi kabla ya kuanza, basi.

Njia ya shinikizo ni kinyume chake: kifuniko maalumu kwenye tangi, pampu inasukuma mafuta mapya kwa shinikizo dogo, bar 1 inatosha, na wewe unazunguka ukifungua nipo moja baada ya nyingine. Mtu mmoja anaweza, sili hazisafiri popote, mtiririko haukatiki. Kama ungekuwa na uwezo wa kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya gari la zamani, ningesema hiki. Usizidishe shinikizo, tangi ni plastiki na limezeeka na gari.

Ya nne ni kuacha mvutano wa dunia ufanye kazi: fungua nipo, mafuta yadondoke yenyewe, wewe ujaze tangi kila baada ya muda. Ni polepole mno. Lakini baada ya kufunga kalipa mpya tupu, kama Brembo za mdogo wangu, ilitusaidia kujaza kalipa kwanza bila kupiga povu, ndipo tukamalizia kwa shinikizo.

Kwa njia yoyote, tangi lisikauke hata mara moja. Siku ya gari la mdogo wangu tulianza stori, tangi likafika chini, hewa ikaingia masta silinda hadi kwenye bloku ya ABS. Bloku hiyo ina vijia vidogo na vali ambazo hazifunguki kwa kukanyaga tu. Ilibidi kuchomeka kompyuta ya kupima gari na kuiamuru pampu ya ABS izunguke, kisha kutoa upepo tena gari zima. Lita moja ilitosha kwa gari langu. Yeye alimaliza tatu.

Kuhusu mpangilio wa magurudumu, tumezoea kuanza na lililo mbali kabisa na masta silinda. Impreza inagawa mfumo wake kimshazari, mbele kulia pamoja na nyuma kushoto, na kitabu chake cha huduma kinakwenda hivyo: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Nimefuata hivyo na imenitosha.

Brembo zina jambo la ziada. Kila kalipa ina nipo mbili, ya nje na ya ndani, na zote mbili zitolewe upepo. Fundi aliyezoea kalipa ya kawaida anafungua moja anaondoka, nusu ya kalipa inabaki na hewa. Spana yake ni namba 11, wakati za Subaru ni 10, na utumie upande wa duara wa pembe sita, usitumie mdomo wazi. Nipo iliyoshika kutu ikiviringika umeanza kazi nyingine. Halafu angalia nipo zipo juu ya kalipa. Ukibadilisha kulia na kushoto kwa bahati mbaya, kalipa inafunga vizuri kabisa, ila nipo zinakuwa chini, na hewa iliyo juu haitatoka hata ukesha. Siku ile fundi wetu alikuwa ameshafunga ya kulia upande wa kushoto. Tulimwaga karibu chupa nzima tukishangaa pedeli haipandi, mpaka mdogo wangu alipolala chini na tochi akauliza, "Kaka, hizi nipo si zilitakiwa ziangalie juu?"

Mkimaliza, msikimbilie barabarani. Gari likiwa limezimwa, pampu mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia kwa nguvu, na uwashe injini: busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, ikianza kazi pedeli itashuka kidogo na kutulia. Endelea kuikanyaga kwa dakika nzima huku mwenzako anapita kila gurudumu na kitambaa kikavu akigusa kila nipo na kila kiungio cha hozi. Pedeli ikibaki palepale na kitambaa kikirudi kikavu, toka getini kwa gia ya kwanza. Ikizama taratibu na hakuna tone lililoonekana popote, masta silinda inapitisha kwa ndani; zima gari, na safari ya kesho tafuta basi.